Miguu Yangu Mgongoni mwa Mzee Ombati

Nilipokuwa mtoto kule Magwagwa, miguu yangu ilikuwa dawa. Nyanya yangu, tuliyemwita Magokoro, aliwaambia majirani kwamba nilizaliwa nikitanguliza miguu, na kwetu watu waliamini mtoto wa namna hiyo akikukanyaga mgongo, maumivu huondoka. Wachuma chai wenye viuno vilivyokaza walilala kifudifudi kwenye mkeka wetu, nami, binti wa miaka saba, nikawapanda.

Mzee Ombati hakuwa mmoja wao. Yeye na Magokoro hawakuwa wakisalimiana tangu walipogombania mpaka wa migomba. Hata kanisani siku ya Sabato kila mmoja alikaa upande wake. Lakini msimu mmoja mgongo wake ulikaza akiwa katikati ya majani chai. Siku ya nne mkewe alimleta kwetu, amejipinda, akitembea kwa kushikilia ua.

"Nimemfuata mtoto," mzee alisema akitazama pembeni. "Si mtu mwingine."

"Basi lala," Magokoro akamjibu.

Nikapanda. Magokoro alinishika mikono nisianguke, akanielekeza kwa sauti ya chini. "Shuka kidogo. Kisigino hapo. Usikanyage mfupa, kanyaga nyama. Polepole, mpaka alegee."

Mzee aliguna, kisha akashusha pumzi ndefu.

"Mwambie ajikande kwa kitambaa cha maji moto," Magokoro akaniagiza, "na kila asubuhi ainame mpaka pale anapoweza."

Mzee alikuwa amesikia kila neno, lakini alingoja nirudie.

Alikuja siku sita. Ya saba aliinama akafunga kamba za viatu mwenyewe, akainuka, akamtazama Magokoro usoni, akamwita kwa jina la mwanawe. "Asante, Mama Kerubo." Akabaki kunywa chai.

Nilikuwa msichana mkubwa mama aliponiambia, huku akicheka, kwamba nilitanguliza kichwa kama watu wote. Nikamwendea Magokoro, nimenuna.

"Ulinidanganya."

"Vidole vyangu vilikuwa vimeisha kwa kuchuma chai," alisema, "lakini kichwa kilikuwa bado kinajua kukanda. Na Ombati, je? Angekubali nimguse mimi?"

Nilikasirika siku mbili hivi. Sasa najua mwili uliokaza hulegea kwa kukandwa, kwa joto, na kwa kusogezwa kidogo kidogo, awe amezaliwa vipi anayekanda. Hata hivyo sijapata kuuchukia uongo ule. Ulimpa mtu mwenye kiburi njia ya kuingia kwetu bila kuaibika. Nami, mtoto wa tano kati ya saba, ulinipa miaka michache ya kusikia watu wazima wakiuliza mlangoni, "Kwamboka yupo?"