Kiti cha Saa Nane Mchana

Zamu yangu ilipofika katika kikundi chetu cha akina mama, kule Kalama, niliomba kiti. Kikundi chetu hakikuwa kikimpa mtu pesa mkononi, kwa sababu sote tulijua pesa ya mkononi huishia kwa karo ya shemeji. Tulichanga, tukamnunulia mwenye zamu vyombo, kisha tukavibeba hadi kwake tukiimba, ili majirani wajue kwamba leo kuna sufuria mpya. Mimi sufuria nilikuwa nazo. Vikombe nilikuwa navyo vya kutosha harusi nzima. Nilichokosa ni mahali pa kuegemeza mgongo.

"Kiti?" kiongozi wetu aliuliza. "Na zile benchi zako zimeenda wapi?"

"Ziko. Lakini nataka kiti ya kuegemea. Iko na mikono, iko na matakia."

"Aiya! Msomi wetu anataka ofisi."

Niliitwa msomi kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, jambo ambalo halijawahi kunisaidia kuchota maji. Waliangua kicheko, wakachanga.

Haja yangu hasa ilikuwa saa moja tu, kuanzia saa nane mchana, vyombo vikishaoshwa na mbuzi wakiwa hawajarudi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata soko la Machakos mjini lilikuwa linaniona chumvi ikiisha. Ila kuwa nyumbani na kukaa nyumbani ni mambo mawili, na kwa hili la pili sikuwa na uzoefu wowote.

Fundi alikitengeneza mjini. Kililetwa kwa mkokoteni wa punda mpaka mlima ukamshinda punda, ndipo akina mama wakakibeba kichwani kwa kupokezana. Kila waliposimama kupumzika, mmoja wao alikikalia. Kilipofika kwangu kilikuwa kimekaliwa na kikundi kizima, isipokuwa mimi.

Hapo nilipaswa kuelewa. Kwetu mgeni hakai kwenye benchi ikiwa nyumba ina kiti, na wageni hawakukosekana. Mama mkwe alikikalia wakati wa maombi, na maombi yake hayakuwa mafupi. Katekista alikikalia akanywea chai hapo. Mume wangu, aliyekuwa na kazi ya kiwanda Athi River na kurudi mwisho wa mwezi, alikikalia akauliza tulikuwa tunaishi vipi bila hicho kiti. Nilimjibu kutoka juu ya mtungi wa maji, ambao ndio niliokuwa nimekalia. Wiki moja kuku alitaga kwenye takia. Kila nilipopata zamu ya kukikalia mimi, mtu alipiga hodi, nami niliruka kama niliyekutwa nikiiba, nikakipangusa kwa kanga na kusema karibu.

Nikaamua kuinunua hiyo saa. Nilikuwa nasuka vyondo, vile vikapu vya mkonge, vya kuuza, na pesa yake ilikuwa ya kila mtu mwenye shida. Sasa sehemu yake nikaanza kumlipa jirani mwenye punda aniletee maji ya mchana, ambayo nilikuwa nikiyafuata mwenyewe.

"Unanunua maji," mama mkwe alisema, "na miguu uko nayo?"

"Niko nayo, mwaitu," nilimjibu, kama tunavyomwita mama kwetu. "Ndiyo nataka kuipumzisha."

Aliitazama miguu yangu kwa muda, kama anayetafuta kidonda.

Mchana mmoja kiongozi wa kikundi akaja. Alikuwa anatafuta watu wa kupika kwenye harusi ya kina nani huko, na mimi nilikuwa nimekaa kitini, macho nimeyafumba nusu. Akapiga hodi. Miguu ilitaka kuruka. Niliizuia.

"Karibu, mama. Kaa hapo kwa benchi."

Alikitazama kiti, akanitazama mimi, akakitazama kiti tena.

"Wewe ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Nimekaa tu."

"Pole sana," alisema kwa sauti ya chini, akakaa kwenye benchi. Habari ya harusi hakuitaja tena.

Kufikia kesho yake kijiji kilikuwa kimepata habari. Akina mama walikuja na uji na unga, na mmoja akaja na kuku. Niliwaambia kwamba siumwi popote. "Maskini, anajikaza," walisema. Lakini waliketi kwenye benchi wote, wamebanana, kwa sababu mgonjwa haondolewi alipo. Waliomba kwa ufupi, wakaondoka mapema ili nipumzike. Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuondoka ili nipumzike.

Waliendelea hivyo, na nilichoka kukanusha. Aliyebaki na mashaka alikuwa mama mkwe. Aliniona nikilima asubuhi, nikipika jioni, na hapo katikati nimelala kitini kama mzigo.

"Ugonjwa gani huu," akaniuliza siku moja, "unashika saa nane peke yake?"

"Hata mimi nashangaa, mwaitu."

"Mimi naona kama huo ugonjwa unanianza pia." Alisimama mbele yangu, mkono kiunoni, akiwa amekikazia macho kiti.

Nikamwambia ugonjwa wenyewe hauambukizi.

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akavuta benchi, akaiegemeza ukutani, akakaa akanyoosha miguu. Jirani alifika na punda, na hakuna kati yetu aliyesimama.