Kurasa Zenye Mafuta ya Mawese

Masista wa Kasongo walimfundisha Emilienne kushona, kusomesha na kunyamaza, naye akashika mawili ya kwanza. Alipomaliza shule yao ya monitrisi, yaani walimu wa kike, alirudi kwao Kabambare, akapewa darasa la wasichana na ufunguo wa kabati la vitabu la parokia. Ufunguo huo aliuvaa shingoni, kamba moja na medali ya Bikira Maria. Aliuvaa hata mwaka ule surua ilipopita, ikamchukua mtoto wake wa pekee, Cécilia, akiwa na miaka kumi na minne.

Tangu maziko watu waliacha kumwita Mama Cécilia. Walisema "Madamu", wakatazama pembeni. Misa hakuacha hata siku moja, ila kwenye "mapenzi yako yafanyike" sauti yake ilikatika, kisha ikarudi juu kuliko za wote.

Miezi mitatu baada ya maziko, Padri aliita kikao cha kuchagua riwaya za vijana. Mbili za Kiswahili zilikuwa zimefika kwa lori la Kasongo kabla ya surua, zikakaa kabatini. Moja ilihusu kijana mtiifu, nyingine msichana aliyefiwa na mama yake. Isiyofaa ingerudishwa Jumatatu, ikachomwe moto.

Emilienne alijua ile ya msichana ukurasa kwa ukurasa. Cécilia aliisoma mara tatu, kila mara akila, na kila mara mama yake alimgombeza kwa sababu ya vidole vyake vyenye mawese. Kama ingechomwa, vidole vile vingekwenda nayo.

Katekista Hippolyte alisimama wa kwanza, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mon Père, kitabu ya huyu kijana iko muzuri sana. Nimeisoma mara mbili, mwanzo mupaka mwisho. Lakini hii ya binti!" Aliiachia mezani, nayo ikafunguka yenyewe mahali palipozoea kufunguliwa. Ukurasa ulikuwa mwekundu kwa mafuta. "Muangalie! Hapa ndipo watoto wanakaa. Munajua mwenyewe watoto wa umri ule wanatafuta nini mu kitabu."

Wazee wakaguna. Mmoja akajikohoza kwa aibu.

"Wanatafuta nini, Katekista?" Emilienne akauliza. "Tusomee basi."

"Mimi? Mambo ya namna ile mu kinywa yangu?"

"Umeisoma ama haukuisoma?"

"Mutu anajua nyoka bila kumeza, Madamu."

Watu wakacheka. Emilienne hakucheka. Alikichukua kitabu akasoma kwa sauti ya darasani. Hapakuwa na mvulana wala busu. Msichana alikuwa ameketi kwenye udongo mbichi wa kaburi la mama yake, akimwambia Mungu kwamba amemkasirikia, kwamba hatanyamaza ili kuwafurahisha wajomba, na kwamba kesho atarudi kusali kwa sababu bado hajajibiwa.

Akakiacha wazi, kidole chake penye mafuta.

"Mwaka huu tumezika watoto kumi na saba," Emilienne akasema. "Ndugu zao wanatukuta tunawaambia: nyamaza, ni mapenzi ya Mungu. Hapa wamepata mutu anayelia kama wao na anasali kama wao. Ndiyo maana mafuta iko hapa." Akavuta kile kitabu kingine. "Na huyu kijana mutiifu? Ukurasa wa tatu tunajua atapata baiskeli. Wa tano tunajua atapata bibi. Hakosei hata siku moja. Katekista, mwisho alifanya nini?"

"Alipata... alibarikiwa."

"Tuonyeshe."

Hippolyte alifungua, akavuta, akavuta tena. Kitabu kilikuwa cha namna ile inayotoka kiwandani kurasa zimeshikana kingoni, na msomaji huzikata mwenyewe kwa kisu. Baada ya ukurasa wa kumi na sita, hakuna aliyekuwa amekata hata mmoja.

Kicheko kilitoka hadi barazani. Padri pekee hakucheka.

"Emilienne," alisema, "mambo ya kumukasirikia Mungu, hapana. Hata kama ni vizuri kusoma. Kitabu kitarudi na lori."

Emilienne alipiga magoti mbele ya msalaba wa ukutani, akafanya ishara yake polepole. Kisha akainuka, akafungua kamba shingoni, akaitoa medali na kuirudisha kwenye kamba peke yake. Ufunguo akauweka mezani.

"Mon Père, kabati iko yenu. Darasa pia, kama munataka kuninyang'anya, iko yenu. Kitabu hii nimebeba mimi. Mungu anajua nyumba yangu, na lori pia inajua."

Akatoka nacho mkononi, wazi, bila kukificha kwenye kitenge.

Jumatatu lori lilipiga honi mbele ya kanisa, likaondoka na sanduku tupu. Jioni yake Léontine, msichana aliyemzika kaka yake wiki ile ile aliyozikwa Cécilia, alisimama uani kwa Emilienne. Ndizi ya kukaanga ilikuwa bado mdomoni.

"Mama Cécilia," alisema, "iko hapa?"

Miezi mitatu hakuna aliyekuwa amelitamka jina hilo. Emilienne aliangalia vidole vile vinavyong'aa, akafungua kinywa kumgombeza, akakifunga. Akasogea kwenye mkeka.

"Kaa. Anza pale penye wekundu."