Nyuzi za Suruali ya Baba

Sijawahi kumwambia mtu hili: chenso ya baba, ule msumeno wake wa mashine, ikinyamaza ghafla, huwa ninaanza kusali.

Leo tulikuwa msituni Litapunga, tunakata kuni za kukaushia tumbaku. Yeye anakata, mimi napanga.

Mara ikanyamaza.

Nilikimbia.

Baba alikuwa amesimama. Ile suruali nzito ya mtumba aliyoinunua mnadani imechanika pajani. Nyuzi nyeupe za ndani zimetoka, zimejisokota kwenye cheni mpaka ikakwama. Paja halina hata mkwaruzo.

Nilitaka kulia kwa furaha. Yeye alikuwa anafoka.

"Ona! Manyuzi haya yameniharibia mashine!"

"Baba, ndiyo yaliyokuokolea mguu," nilisema, kwa sauti yangu ndogo ya siku zote.

"Miaka yote nakata na jinzi, mguu si huu hapa? Mama yako ayatoe yote, aweke kiraka. Kesho tunarudi."

Nyie mngemjibu nini?

Nyumbani mama alimsikiliza baba, akanipa wembe. "Fumua wewe, mwanangu. Una macho mazuri."

Nilikaa mlangoni, nikafumua mguu wa kushoto wa suruali, nikatoa nyuzi zote. Kisha nikaanza wa kulia.