Nyota ya Kishori na Chapati za Kunguru

Sisi tuliokulia kijiji cha Pito, kule Ufipa, enzi za Ujamaa tulikuwa na jambo moja tulilolijua kwa uhakika kuliko jedwali la kuzidisha: nafasi za kwenda sekondari ziligawiwa na nyota ya Wahindi. Ukiijua salamu yake, umechaguliwa. Usipoijua, maksai wa baba yako wanakusubiri. Niliamini hilo kwa moyo wote, kama nilivyoamini kwamba baridi ya Ufipa ikizidi, maneno huganda mdomoni asubuhi yakasikika saa sita jua likiwaka.

Habari hiyo aliileta Selestini, mwenzangu wa dawati moja. Darasani kwetu alikuwamo Kishori, mtoto wa Mzee Manilal, mwenye duka la misumari na majembe pale mjini. Kishori alikuwa wa kwanza kila muhula. Sehemu zile za kujumlisha na kutoa, ambazo sisi zilitutoa jasho kuliko kuchimba matuta ya shamba la shule, yeye alizimaliza huku anapiga miayo.

"Wewe unadhani yule anasoma?" Selestini aliniuliza. "Baba yake anamwimbia nyota. Njoo Jumamosi uone."

Jumamosi mama alikuwa akipeleka maharage sokoni, nami nilimbebea. Nikamtoroka, tukajibanza na Selestini nyuma ya ua wa duka. Mzee Manilal alikuwa kifua wazi katika baridi ile ambayo sisi ilitupasua midomo. Mbele yake kibakuli cha chuma chenye mafuta ya ufuta na utambi unaowaka, kando kitambaa cheusi. Macho kafumba, anarudia taratibu: *Om sham shanaishcharaya namaha. Om sham shanaishcharaya namaha.* Alipomaliza, akachukua chapati, chapati nzima zinazong'aa mafuta, akawakatia kunguru!

Ndugu zangu, wa rika langu mtanielewa. Chapati kwetu ilikuwa Krismasi, tena nusu, nusu nyingine ya mgeni. Siku nyingine zote ni ugali wa ulezi, mweusi, mzito, ukila asubuhi unashiba mpaka keshokutwa. Sasa mtu mwenye akili zake awape kunguru chapati bila kutegemea kitu kikubwa? Pale pale shaka yangu yote ikaisha.

Maneno yale tuliyashika siku hiyo hiyo. Vijana wa siku hizi namba ya simu ya mama yao hawaijui kwa kichwa. Sisi tulimeza Kisanskriti tukiwa tumechuchumaa kwenye upupu. Wiki iliyofuata darasa zima likawa nayo. Tuliyaimba kwenye mchakamchaka alfajiri, vumbi na ukungu vimechanganyika, miguu inapiga chini kwa pamoja, hadi mwalimu wa zamu, aliyetoka Mbeya na hakujua Kifipa hata cha kuombea maji, akadhani ni wimbo wa nyumbani wa kuhimiza kilimo. Akatusifu mstarini.

Mimi nilizidi wote. Nilichukua rozari ya mama, kila punje nikaisomea salamu ya nyota. Mama akanikuta nyuma ya kihenge.

"Huyo Namaha ni mtakatifu wa parokia gani?"

"Wa hesabu, mama."

Aliishika ile rozari, nadhani akipima kama anichape au aniache. Mtihani ulikuwa umekaribia, naye alitamani nichaguliwe kuliko mimi mwenyewe. Baba alikuwa ameshanitengenezea sanduku la bati kwa fundi, jina langu limeandikwa kwa rangi nyekundu. "Likienda bweni, limekwenda na wewe," baba alisema. "Likibaki, ng'ombe unawajua na wenyewe wanakujua." Mama akaniachia rozari.

Basi sikufungua tena daftari. La nini, na nyota ninayo? Siku ya mtihani niliingia kifua mbele kama mkuu wa mkoa anayekagua gwaride. Niliyasoma maneno yangu, nikajibu maswali haraka haraka, nikatoka wa kwanza.

Majina yalipobandikwa, Kishori alikuwepo. Mimi sikuwepo, Selestini hakuwepo. Baba hakugomba, alinionyesha nira tu kwa kidevu. Sanduku langu mama akalijaza mbegu za maharage, na kila msimu wa kupanda nilikuwa nafunua kifuniko chenye jina langu.

Leo watoto wanachaguliwa wengi, shule ziko kila kata, na jibu wanalitafuta kwenye simu huku wanaambiana 'mambo, poa'. Siwaonei wivu wa simu. Lakini jamani, ile asubuhi ya ukungu, darasa zima linakimbia kwa sauti moja, kila mmoja ana hakika anakwenda sekondari! Uhakika wa namna ile siuoni tena kwao, na mimi mwenyewe sijaupata tena popote.

Nilijikomboa ukubwani kwa shule ya usiku, kwa taa ya chemli, nikapata cheti changu ambacho hata leo nakitaja bila kuulizwa. Nikiwa bado nasoma, nilipita kwa Mzee Manilal kununua bolti ya jembe la maksai. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, kijana wa Pito."

Nikajipa moyo, nikamweleza yote, kunguru na rozari. Nikamuuliza ni wapi tulipokosea, pengine matamshi. Alicheka mpaka akashika meza.

"Ile ni Shani, sayari ya mikosi, nyinyi mnamwita Zohali," alisema akifuta macho. "Nyota yangu ya kuzaliwa ilionyesha amenikalia miaka ile. Duka tupu, misumari haiji. Nilikuwa naomba subira tu, baba. Kishori alifundishwa hesabu na mama yake, kila alfajiri, kabla hatujafungua duka."