Mwalimu Tekla na Upande wa Kulia wa Moyo

Usingizi wa mchana ule, nilipotoka zamu, ulikuwa mzito, na Mwalimu Tekla akanijia ndotoni.

Alitufundisha kwenye chuo cha utabibu. Mwaka wa tatu sasa tangu tumzike. Anaingia na koti lake jeupe lenye doa la wino, anatafuna karanga, anacheka peke yake. Tuko darasani. Mara tuko wodini, kando ya kitanda cha Mzee Sanga, fundi viatu niliyempokea asubuhi akiwa na shambulio la moyo. Nilimpa kidonge cha chini ya ulimi, cha kutanua mishipa, presha ikaporomoka. Dripu ikaipandisha kidogo. Nikaondoka bila kuelewa sababu, na kwenye faili nilikuwa nimeandika apewe kingine maumivu yakirudi.

Mwalimu ananimiminia karanga kiganjani. "Mapafu yake?"

"Safi, Mwalimu."

"Na shingo uliitazama?"

Naitazama. Mishipa imevimba hadi chini ya taya. Nikiinua macho, wodi imekuwa bustani yake ya mchicha, naye anamwagilia kwa mpira. Anaukanyaga; maji yanakatika, mchicha unalala. Anacheka mpaka anafuta machozi.

"Hicho ndicho kidonge chako. Upande wa kulia wa moyo ukiumia, unategemea damu inayorudi iujaze. Wewe umeipunguza." Anainua mguu, maji yanaruka. "Hamishia waya za kipimo cha moyo upande wa kulia wa kifua, utaona. Kisha mwongeze maji, kidogo kidogo, ukisikiliza mapafu."

Nikaamka, ninatabasamu. Halafu nikakumbuka faili, nikaikamata simu.

"Nesi Halima, Mzee Sanga asipewe kile kidonge."

"Ninacho mkononi, daktari. Kifua kimeanza tena."

"Kirudishe. Ongeza dripu taratibu. Nakuja."

Nilifika nikihema. Tukahamisha waya, na kipimo kikasema wazi: upande wa kulia ulikuwa umeumia. Presha ilipopanda, tulimpeleka hospitali ya rufaa, mimi nimeketi naye kwenye gari la wagonjwa, dripu mkononi.

Njiani alifumbua macho, akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Daktari," akasema polepole, "soli ya kushoto imeachama. Nikitoka huko, niletee."

Baada ya wiki tatu nilimpelekea. Alikuwa kibandani kwake, akaning'oa kiatu mguuni kabla sijamaliza salamu.