Feliksi na Mawe Yaliyozama

Shemeji yangu Feliksi hakupenda mtu akae ubavuni mwake. Ukimtembelea, atakuvutia kigoda mpaka akuweke mbele ya uso wake, ndipo aanze maongezi. Watu waliona ni adabu. Mimi nilianza kuwaza jambo jingine siku nilipompelekea chai nikiwa nimesimama kando yake, mkono wangu ukabaki hewani hata nikachoka. Hakuwa amenuna. Hakukiona kikombe.

Feliksi ni mdogo wa marehemu mume wangu, Elieza. Wote wawili walikuwa wavuvi wa dagaa hapa kwetu, kaskazini ya Kibirizi, mahali ambapo milima inashuka mpaka majini na nyumba zimebanana kwenye kipande kidogo cha tambarare. Elieza alichukuliwa na ziwa usiku wa upepo, binti yetu Recho akiwa bado ananyonya. Feliksi alikuwa ndani ya mtumbwi huohuo. Yeye alirudi. Matanga yalipokwisha akauza nyavu na karabai, akasema maji hayatamwona tena. Tangu hapo akawa mtu wa milimani. Hakuoa. Kila jioni alipita kuuliza kama mtoto amekula.

Mwanzoni alibeba mizigo tu: dagaa wakavu kwenda vijiji vya juu, mihogo na mawese kushuka nayo. Njia za huko zilichongwa na miguu ya mama zetu na hazina kibao wala alama. Moja ilipita kando ya maji. Nyingine inapanda kati ya miyombo, inakata makorongo yenye vijito, inatokea kwenye majani marefu juu ya genge linaloshukia ziwani, halafu inakwenda mpaka kileleni. Ukisimama pale unaona ziwa lote, na milima ya Kongo ng'ambo kama mawingu yaliyokaa chini, na nyuma yako, kwa mbali upande wa Simbo, moshi wa watu wanaosafisha mashamba.

Baadaye wakaanza kuja watu wanaotembea bila mzigo. Sisi wanawake tulicheka sana. Tuliulizana ni shida gani inayompandisha mtu mlima ili ashuke mikono mitupu. Feliksi hakucheka. Aliwaongoza, na jina lake likafika mjini. Recho alipomaliza kidato cha nne na matokeo yakawa mabaya, akabaki ndani akiangalia ukuta, ni yeye aliyemtoa. Alimwambia kazi ipo. Yeye Feliksi atatangulia na mwanzi mrefu, akipiga majani ili umande udondoke na nyoka wahame. Recho atafunga mstari, asiachwe mtu aliyeinama kufunga kamba za kiatu. Nilishukuru. Ziwa lilikuwa limekwisha kula kwangu, nami nikaona mlima ni salama.

Sasa hilo la kikombe likanifanya nimchunguze. Aliingia mlangoni akagonga bega lilelile kila siku. Alikanyaga ndoo iliyokuwa wazi kabisa upande wake wa kushoto. Mtu akimsalimia kutoka pembeni alizungusha kichwa kizima, kama bundi. Nilimbana siku moja tukiwa peke yetu. Akakiri alikwenda hospitali, wakamwambia ni presha ya macho. Kilichokwisha kuondoka hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki.

"Naona vizuri, Mama Recho," akasema. "Ni kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilicho mbele nakiona."

"Na kilicho miguuni?"

"Miguu ina macho yake."

Akanieleza, tena kwa fahari kidogo, kwamba njia yote ameiweka masikioni. Kwenye vijito anajua yuko wapi kwa mlio wa maji. Pabaya ni mahali pamoja tu, pale juu ya genge baada ya mkuyu mkubwa, ambapo majani yanaficha ukingo. Lakini chini ya hapo kuna mawe makubwa ziwani, na maji huyagonga hata siku ya utulivu. Sauti ya mawe ikifika chini ya sikio lake la kushoto, anakunja kulia, anapanda. Alikunja hivyo miaka yote, hata katika ukungu. Akaniomba nisimwambie Recho. Alisema binti ataanza kumshika mkono mbele ya wageni, na mtangulizi anayeshikwa mkono si mtangulizi tena.

Sikumwambia. Lakini sikulala usingizi wa mtu. Nilihamisha kilimo changu, nikaacha shamba la karibu na kwenda kulima mihogo kwenye kipande cha juu ambacho marehemu alikiacha, kinachotazama mkuyu ule. Kila siku wageni walipokuja nami nilikuwa na palizi. Jirani yangu Siwema alinitania kwamba mihogo yangu itakuwa ya kwanza duniani kufa kwa kupaliliwa. Nilicheka naye, huku macho yangu yakihesabu vichwa kwenye majani, nikimtafuta wa mwisho, ambaye ni wangu.

Kisha ukaja mwaka ziwa lilipopanda. Mvua hazikukoma, maji yakaja taratibu kama mgeni asiyebisha hodi. Yalichukua njia ya kando ya ziwa yote. Yalichukua uwanja wa kuanikia dagaa, na vyoo, na michikichi ya mbele, ikabaki imesimama majini inakauka. Siwema mwenyewe, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Kongo zamani wakajenga pale chini, alihamishia watoto kwa ndugu zake, mtaa wa Buzebazeba, akabeba na mlango wa nyumba. Feliksi alikaa barazani masika yote, akimuuliza kila mpita njia maji yamefika wapi leo. Wakamwambia yamefika kwenye mnazi wa fulani, yamefika kwenye ukuta wa kanisa. Hakuna aliyejua kuongezeka kwa ziwa kama alivyojua yeye. Hata hivyo halikumjia wazo kwamba mawe nayo yanaweza kunyamaza. Wala mimi halikunijia.

Wageni wa kwanza walikuja mvua zilipokatika. Walikuwa vijana wa ofisini kutoka Gungu, kule mjini, na kati yao mmoja wa Dar es Salaam, Christian, mwenye kofia pana na mdomo usiotulia. Feliksi aliwapokea na "mwakeye" ya Kiha, wakashindwa kuitikia, wakacheka. Yule Christian akainua simu, akalalamika kwamba imemletea ujumbe wa kumkaribisha Kongo na yeye hajavuka popote.

"Hiyo Kongo ina haraka kuliko sisi," Feliksi akamjibu. "Imekufuata yenyewe. Ukiitikia tu, salio limekwisha."

Wakaangua kicheko, wakampenda. Nilimtazama Recho akikaza mkoba mgongoni, akaenda kusimama nyuma ya wote. Nikachukua jembe nikapanda kwa njia ya mkato.

Hakuna aliyepita juu ya genge tangu masika yaanze. Majani yalikuwa yamezidi kimo cha mtu, na njia imefungwa kama jeraha lililopona. Kutoka shambani niliona kofia zikielea, zikipotea, zikitokea tena. Feliksi sikumwona kabisa. Niliona ncha ya mwanzi wake tu, inapanda, inashuka, inapiga. Ilifika mkuyuni. Niliegemea jembe nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya: nikasikiliza kile anachokisikiliza yeye.

Chini ya genge palikuwa kimya. Ziwa lilikuwa pale, jeusi na limejaa, lakini halikugonga kitu. Sauti ilitoka mbele zaidi, kupita pale pa kukunjia, mlio mzito wa maji yanayokula udongo. Nikaelewa nikiwa nimesimama vilevile. Mawe yamezama. Yeye anaifuata sauti.

Ncha ya mwanzi ilipita pale pa kukunjia. Ikaendelea.

Niliita shemeji. Upepo ulitoka ziwani ukanirudishia sauti kifuani, na wageni walikuwa wakicheka maneno ya Christian. Niliita tena. Mwanzi ukapanda, ukapiga. Kwetu mwanamke haliweki mdomoni jina la ndugu wa mumewe, na mimi tangu nilipoolewa sikuwahi kulitamka la huyu, hata nikiwa peke yangu. Nililitamka.

"Feliksi!"

Akasimama. Hakusimama kwa sababu ya hatari, kwani hakuiona. Alisimama kwa sababu sauti yangu na jina lake havijawahi kukutana. Kofia nyuma yake zikagongana. Mwanzi ulikuwa bado juu. Akaushusha polepole mbele yake, na nikauona unakwenda chini, na chini, na chini, mpaka ncha ikapotea kwenye majani, na majani yenyewe yakainama kuufuata. Haukukuta kitu.

Nilishuka mbio, sijui kwa miguu ipi. Nilipofika walikuwa wamerudi nyuma na kukaa. Madonge ya udongo yalikuwa bado yanaporomoka, na ulipita muda kidogo kabla hayajasikika yakifika majini. Christian aliuliza kama hapo ndipo pa kupigia picha. Mwenzake akamwambia anyamaze. Feliksi alikuwa amekaa, uso ameuelekeza ziwani.

"Mawe yako wapi?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Yamezama, shemeji."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba alioutarajia. Recho akaja kutoka nyuma, akamwangalia yeye, akaniangalia mimi, na nikaona kwamba amekwisha kuelewa yote, hata yale ya kikombe na ndoo. Machozi yalimtoka akayafuta kwa mkono wa shati.

"Recho," Feliksi akasema, "shika mwanzi."

"Baba mdogo, turudi nyumbani."

"Wageni wamekuja kutembea. Shika, tangulia. Kunja hapo nyuma, kulia. Leo nafunga mstari mimi."

Alisimama kando na kuwaacha wote wapite. Kila aliyepita alimpa njia kwa heshima isiyo ya lazima, na hiyo naamini ilimuuma kuliko ukingo ule. Mimi nilikuwa nyuma yake na jembe begani. Tulipanda mpaka kileleni. Kule juu wageni walipiga picha, ziwa likiwa bluu, Kongo ikionekana mpaka mikunjo ya mabonde yake. Yeye alikaa akatazama chini kati ya viatu vyake.

Hakupanda tena. Matone ya dawa nampelekea mimi, maana asipokumbushwa hayatii machoni. Jioni Recho akirudi, humuuliza amesikia nini kule juu. Recho humjibu, "Mimi natazama, baba mdogo, sisikilizi." Chai ya Feliksi hupoa ingawa safari hii nimeiweka mbele ya macho yake.

Wageni wameongezeka. Recho amezoea kazi, mkono wake unapiga majani kwa nguvu, hata wazee wanamsifu. Nami bado nina mihogo ya kupalilia. Ila zamani nilikuwa namtafuta wangu mwisho wa mstari, nyuma ya migongo ya watu wengine. Siku hizi ncha ya mwanzi inapofika mkuyuni ni mkono wa mwanangu ulioushika, na mbele yake hakuna mtu.

Juzi walisema maji yamepungua kidogo na vichwa vya mawe vimeonekana. Feliksi akaniomba nimpeleke pwani, yeye aliyeapa maji hayatamwona. Nilimkalisha kwenye gogo la mchikichi uliokufa. Hakukuwa na upepo. Tulikaa muda mrefu, na kule juu ya vichwa vyetu Recho alikuwa na wageni wake mahali fulani kwenye majani. Kisha wimbi dogo likaja likagonga jiwe upande wake wa kushoto, mara moja, taratibu.

Feliksi akageuza uso kulia.