Toa Nguzo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa karai na kuambiwa niingie mtoni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya thelathini, katika vilima vya Kyerwa, ambavyo wakati huo tulivihesabu kuwa Karagwe tu. Nilikuwa nimetoka Bugene kwa miguu, nina shuka moja na katekisimu, nikidhani mgodi wa bati ni mahali pa moto na nyundo kama kwa wahunzi wetu. Nikakuta wanaume wamesimama ndani ya maji hadi magotini, wameinama, wanazungusha makarai kama wanawake wanaopepeta ulezi. Nikakunja suruali nikaingia.

Vijana wa leo mkisikia bati mnafikiria paa la nyumba. Bati tulilolitafuta sisi lilikuwa jiwe jeusi, dogo, zito kuliko linavyoonekana. Kuliosha ni kuchota mchanga, kuuzungusha majini mpaka udongo mwepesi umwagike, na chini ya karai zibaki chembe nyeusi ambazo tuliziita mbegu. Mwenye pupa humwaga mbegu pamoja na taka. Nyapara wa waosha, yaani msimamizi wetu wa pale mtoni, hakuwa mtu wa maneno mengi. "Usishindane na maji," aliniambia. "Yaache yafanye kazi, wewe yaongoze tu." Nilikaa kwake mpaka kucha za miguu zikaanza kulegea, ndipo nikapelekwa juu kilimani kwenye mahandaki.

Handaki ni shimo linaloingia ubavuni mwa mlima kufuata mshipa wa bati. Udongo wa kule ni mnafiki. Kiangazi husimama imara kama ukuta wa kanisa, mvua zikiuingia hushuka bila kubisha hodi. Kwa hiyo ndani ya handaki husimamishwa nguzo mbilimbili, na juu yake hulazwa boriti ya kubeba dari. Kazi hiyo ilikuwa ya fundi wa nguzo, Mrundi mmoja aliyeitwa Bigirimana. Alizichonga kwa tezo, akishasimamisha nguzo huigonga kwa kisigino cha tezo na kuisikiliza. Jina lake, alivyotueleza, maana yake ni kwamba mambo yote ni ya Mungu, ingawa mwenyewe hakuwa amebatizwa. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, nasi ambao chetu hakikuwa kikubwa tulimcheka.

Baada ya miaka kadhaa nikafanywa nyapara wa handaki. Aliyenipandisha ni Nyapara Mkuu, Mhaya wa upande wa Bukoba, aliyesimama kati ya Bwana Meneja na sisi sote. Nisimsingizie: kazi aliijua, na hakuwa mtu wa kiboko. Jumapili alikaa benchi la mbele na kanzu nyeupe, na sauti yake ndiyo iliyobeba nyimbo zetu. Nilimpenda, na nilitamani kuwa kama yeye.

Mwaka mmoja Bwana Meneja alitaka handaki jipya lifunguliwe kabla ya mvua. Miti ya nguzo ya karibu ilikuwa imekwisha, ya mbali ingechelewa. Nyapara Mkuu akaja mlangoni mwa handaki langu asubuhi, mimi nikiwapo na wachimbaji wangu, akamwambia Bigirimana, "Toa nguzo za humu. Zipeleke handaki jipya."

"Mvua, Bwana," Bigirimana akasema, akionyesha mawingu upande wa Uganda.

"Toa nguzo."

Akazitoa. Nami nilimwambia Nyapara Mkuu kwamba ningewazuia watu wangu wasiingie ndani mpaka nguzo zirudi. Akanijibu kuwa mbegu haziji zenyewe mlangoni, nao wakaingia. Mvua ya kwanza iliponyesha dari lilishuka juu ya Yakobo, mchimbaji kutoka Nkwenda, mtu mpole aliyekuwa amebatizwa Pasaka ile ile. Tulimfukua kwa mikono kwa kuogopa kumuumiza kwa sururu. Tulipomfikia hapakuwa na wa kuumizwa.

Hapo ndipo neno moja la Kiswahili lilipotafutiwa kazi. Kwetu Kiswahili ni lugha ya kuazima. Nyumbani tulisema Kinyambo. Na neno "toa" lina sura mbili. Ukimwambia mtu atoe chakula, huleta. Ukimwambia atoe takataka, huondoa. Nyapara Mkuu alimweleza Bwana Meneja kwamba aliagiza nguzo zitolewe ghalani ziongezwe handakini, na yule Mrundi, kwa kutojua lugha, akaziondoa zilizokuwamo. Bigirimana akafungiwa katika ghala la zana kumngoja Mkaguzi wa Migodi, ambaye angeweza kumpeleka gerezani Bukoba.

Jumapili baada ya ibada Nyapara Mkuu alituita nyumbani kwake, sisi tuliokuwa mlangoni asubuhi ile. Mkewe akaleta kikapu cha akamwani. Kwa wasioijua, hizi ni punje za kahawa zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa, za kutafuna. Mgeni hapewi neno kabla ya kupewa akamwani. Mwenye nyumba hutafuna kwanza, kuonyesha kwamba hana jambo moyoni, na mgeni akiikataa amemtukana yeye na wazee wake. Zamani punje hiyo hiyo ilipakwa damu, watu wakala udugu usiovunjika, tuliouita omukago. Mambo ya damu yalikuwa yamekatazwa kanisani. Siku ile damu haikuwapo.

Nyapara Mkuu akachukua punje yake, akatafuna, akameza.

"Mkaguzi anakuja kesho," akasema. "Sitaki mtu aseme uongo. Sisi ni Wakristo. Mtasema neno lile lile nililolisema: toa nguzo. Basi. Mengine mtayameza pamoja na hii."

Kikapu kikazunguka. Kila mtu alichukua punje, akatafuna, akasema, "Nimemeza." Hawa hawakuwa watu wabaya; walikuwa na watoto, na kazi nyingine haikuwapo. Kikanifikia. Nikachukua punje yangu nikaishika. Niliogopa, wala siogopi kulisema. Mwinjilisti wetu, mzee aliyetoka Muleba akatufundisha kusoma, alizoea kusema kwamba yule mwovu haji na mapembe, kwa kuwa angetukimbiza. Huja na kitu unachokula kila siku. Tulikuwa tukicheka aliposema hivyo.

Nikairudisha punje kikapuni.

"Waitu, unisamehe," nikasema, kwa neno letu la kumheshimu mkubwa. "Hii siwezi kuimeza."

"Unakataa akamwani nyumbani kwangu?"

"Akamwani sikatai, Waitu. Nakataa kilichofungwa ndani yake."

"Yule Mrundi ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Amebatizwa?"

"Hapana."

"Sasa unamfia nani?"

 Leo, baada ya mahubiri mengi, ningeweza kumpa majibu hata kumi. Siku ile nilisimama tu, nikaaga, nikaondoka.

Kesho yake Mkaguzi alituuliza mmoja mmoja mbele ya wote. Wenzangu walisema, "Alisema toa nguzo," wakanyamaza. Mimi nikasema, "Alisema, 'Toa nguzo za humu. Zipeleke handaki jipya.'" Mkaguzi akawauliza tena wengine. Wakatazama chini. Akaandika, akafunga kalamu, akasema kwamba ushahidi umegongana, na kwamba yeye hamfungi mtu kwa neno lenye maana mbili. Bigirimana akafunguliwa, lakini kazini akafukuzwa. Nyapara Mkuu akabaki na cheo chake. Msifikiri kwamba nilishangiliwa. Aliyenishukuru ni Bigirimana peke yake. Alinishika mikono yote miwili, akasema kwa Kiswahili chake, "Wewe ulitoa yote," kisha akashika njia ya kwao.

Mimi nikahamishiwa Murongo kubeba mbegu za bati. Magunia yalikuwa madogo, lakini mazito hata kuyainua ni shughuli. Yalifungwa kwenye mti, watu wawili wakaushika mzega begani, mmoja mbele na mmoja nyuma, mpaka kwenye mitumbwi ya kuvukia Kagera. Mbu wa matete yale nisiwaeleze. Hata hivyo uzito na homa ningevimudu. Kilichonivunja ni kikapu. Habari zilikuwa zimetangulia kwamba mimi ni mtu wa kurudisha punje. Nikiingia nyumba ya mtu, kikapu cha akamwani kikizunguka, kwangu kinaruka. Hakuna aliyenitukana. Kinaruka tu, mazungumzo yanaendelea. Nilikuwa nikirudi kibandani nalia kama mtoto, nikimuuliza Mungu kama hii ndiyo asante yake.

Mwinjilisti alikuja kunitembelea, na siku hiyo mwenzangu wa mzega alikuwa na homa. Mzee akavua koti, akaingia nyuma ya mti.

"Tata, huu si mzigo wa umri wako," nikamwambia, nikimwita baba kwa Kinyambo.

"Kwani nimekuuliza umri?" akasema. Tukaenda. Njiani akaniuliza, "Ungetafuna ile punje, mzigo ungekuwa mwepesi?"

"Begani ndiyo."

"Basi unajua umebeba nini," akasema. Alikuwa akitweta.

Nimeyafikiri maneno hayo maisha yangu yote. Watu husema taabu humtakasa mtu. Mimi nimeona taabu ikiwafanya watu wakali, na wengine wezi, kwa hiyo sidhani kwamba yenyewe ina utakatifu wowote. Ninachoweza kusema ni hiki: kabla ya Murongo nilikuwa nikiimba imani ya Nyapara Mkuu, maana niliipenda sauti yake. Pale kwenye matete, ambapo hapakuwa na wa kuniona wala wa kunipa kikapu, niliendelea kusali. Nikatambua kwamba imani ile sasa ni yangu, na kwamba Kristo naye kikapu kilimruka.

Baadaye Bwana Meneja mwingine alinirudisha Kyerwa, nikawa nyapara wa mahandaki yote. Niliweka desturi moja tu: agizo la nguzo lilisemwa mara mbili, "ondoa" au "ongeza," na "toa" ilipigwa marufuku. Vijana walidhani ni ushamba wa Kinyambo. Katikati ya miaka ya hamsini magoti yakakataa kupanda mlima, nikaagwa, nikarudi Bugene kwenye migomba yangu.

Ni hapa Nyapara Mkuu aliponifuata, kiangazi kimoja mchana. Nilimwona anakuja polepole na mkongojo, kanzu ile ile, sauti imekwisha.

"Shikamoo, Waitu," nikasema.

"Marahaba, Yonatani."

Nikamkalisha. Mke wangu Eunike akaleta kikapu, akakiweka kati yetu. Mimi ndiye mwenye nyumba, kwa hiyo nikachukua punje, nikatafuna, nikameza, nikamsogezea. Hakunyoosha mkono. Alikitazama kikapu, nikaona anangoja nimwambie jambo. Lakini kikapu kilikuwa kimekwisha kusema kwamba sina jambo moyoni.

"Yonatani," akasema. "Siku ile nilisema, 'Toa nguzo za humu. Zipeleke handaki jipya.'"

"Ndivyo, Waitu. Nilisikia."

Ndipo akachukua punje yake.